Jengo la Manjano Lapata Mwenyewe

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Zamfira, ncha yake haijagusa karatasi, na mlango wa ofisi ya wakili ulikuwa wazi.

Aliyesimama mlangoni alikuwa Ilinca.

Mkono mmoja ulishika gongo, mwingine ulikamata fremu ya mlango asije akaanguka. Ngazi zilikuwa zimemmaliza pumzi. Zamfira hakuwa amemtia machoni tangu siku ile ya hukumu, na katika watu wote wa Bucharest, huyu ndiye pekee ambaye hakupaswa kufika hapo asubuhi ile.

"Msitie sahihi," Ilinca alisema. "Bwana, mimi sikujui, lakini nyumba unayotaka kununua inaua watu. Mimi ilibaki kidogo tu initoe roho."

Bwana aliyekuwa akiambiwa hayo ni Octav Vrancu. Ilinca hakujua anazungumza na nani. Zamfira alijua.

Kwa msomaji anayepanda nasi njiani, mambo yalikuwa hivi. Zamfira Goidea alikaa Italia miaka kumi na saba akiwaogesha na kuwalisha wazee wa watu. Aliporudi alinunua fleti moja, ghorofa ya tatu ya jengo la matofali ya manjano karibu na soko la Obor, aipangishe, ale kodi yake na kuupumzisha mgongo. Aliyemuuzia ni Octav, dalali mwenye maneno laini kama siagi, ingawa kwenye hati lilikaa jina la shemeji yake. Plasta ilikuwa mpya, rangi mpya, madirisha mapya. Zamfira akaitazama rangi.

Asichokiona ni kibao chekundu cha duara, kile ambacho manispaa hukipigilia kwenye majengo yatakayolala chini tetemeko likija. Kilikuwa kimeng'olewa, na matundu ya skrubu yamezibwa.

Majira ya baridi ya pili roshani ilikatika. Ilinca, mpangaji, mwalimu wa muziki, alikuwa juu yake akianua nguo. Nyonga ilivunjika vipande. Mahakama ikauliza swali moja: mwenye nyumba ni nani? Mwenye nyumba alikuwa Zamfira. Shemeji wa Octav alikwisha kuzikwa, na Octav mwenyewe hakuwemo kwenye karatasi hata moja. Gazeti likamwita Zamfira mchinjaji wa wapangaji. Nyumba ya wazazi wake kule Buzău ikauzwa ili Ilinca alipwe fidia. Hapo ndipo alipojifunza kwamba uzito wa nyumba haubebwi na kuta. Unabebwa na jina lililoandikwa kwenye hati.

Tangu siku hiyo alibaki na kazi moja tu duniani: jina la Octav liingie kwenye hati ya jengo lile.

Na lilikuwa linaingia. Kwa miezi minane Octav alikuwa akimeza chambo. Chambo chenyewe kilikuwa Mwitaliano mmoja, Bwana Tarcisio, anayetafuta jengo zima karibu na Obor alifanye hoteli, na ambaye hataki mambo ya kampuni wala ya mashemeji. Anataka mwenye mali mmoja, kwa jina lake halisi. Octav alikuwa amekwisha nunua fleti tano kati ya sita na kuwaondoa waliokuwemo. Mpango wake ulikuwa ule ule wa siku zote: plasta, rangi, kisha amtwishe mgeni. Ya sita ilikuwa ya Zamfira, mwanamke aliyevunjika, anayetaka tu kuutua mzigo. Ndivyo Octav alivyomwona, na ndivyo Zamfira alivyotaka aonwe.

Tarcisio alikuwepo kweli. Alikuwa mtoto wa bibi mmoja ambaye Zamfira alimuuguza hadi akafa. Barua aliziandika kwa kulipa fadhila. Hakuwa na uwezo wa kununua hata banda la kuku.

Sasa sahihi moja tu ilikuwa imebaki, na Ilinca alikuwa amesimama mlangoni.

Wakili, Bibi Eufrosina Tudoran, alivua miwani. Alikuwa mwanamke wa karatasi, asiyependa kelele ofisini. Akauliza kama kuna kasoro yoyote ya jengo ambayo mnunuzi hajaambiwa, maana kama ipo, mkataba utasimama mpaka aje mhandisi.

Mhandisi akija, Octav atajua kwamba Zamfira anajua kilichofichwa chini ya plasta. Miezi minane itayeyuka kama theluji ya Machi.

Zamfira aliweka kalamu chini. Alijua anachotakiwa kufanya na alijua ni uovu. Akafanya.

"Huyu binti ni mwongo," alisema. "Nyumba ile haina kitu. Alikula nyumba ya baba yangu akashiba, sasa anataka kula na hii. Kila nikipata mnunuzi ananifuata na hilo gongo lake."

Karani aliyekuwa akipiga mihuri aliinamisha kichwa. Zamfira aliyasikia maneno yake mwenyewe yakizunguka chumbani na akatamani kuyameza tena, lakini yalikwisha mfikia Ilinca.

Ilinca hakulia. Alirekebisha gongo chini ya kwapa, akamtazama Zamfira kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Mama Zamfira," alisema taratibu, "mimi nilikuwa nimeanza kukusamehe."

Akageuka. Wote wanne walimsikia akishuka ngazi, mguu, gongo, mguu, gongo, mpaka mlango wa chini ukafungwa.

Bibi Eufrosina hakuvaa miwani. Alisema yeye amekaa kwenye kiti kile miaka thelathini, na anayekuja na gongo hadi ghorofa ya pili haji kwa mchezo. Hatauruhusu mkataba uende mpaka ajiridhishe.

Zamfira akafungua kinywa, ila aliyemwokoa hakuwa yeye.

"Mama wakili," Octav alisema, amekunja mguu, tabasamu limejaa uso, "jengo lile nalifahamu kuliko wanaokaa humo. Nalifahamu tangu hata huyu dada hajarudi kutoka Italia. Nanunua kama lilivyo, na ubovu wake kama upo. Tumalize, nina watu wananisubiri."

Alikuwa na haraka. Yule binti angeweza kurudi, angeweza kuanza kupiga kelele barabarani, na habari ikamfikia Mwitaliano kabla ya plasta. Zamfira aliiona hofu hiyo ndani ya tabasamu.

"Basi tuandike hivyo," alisema wakili.

Na akaandika. Kwa mkono wake, chini ya kipengele cha mwisho, aliongeza kwamba mnunuzi anatamka mbele ya wakili kuwa anaijua hali ya jengo kikamilifu, tangu zamani, na kwamba hatakuwa na dai lolote dhidi ya muuzaji, leo wala siku yoyote. Akamsomea. Octav akatikisa kichwa kama mtu anayeharakishwa sokoni, akasaini bila kuinama vizuri.

Zamfira alikuwa amekosa usingizi usiku mwingi akitafuta jinsi ya kumzuia Octav asije kulitema jengo baada ya kulimeza. Hakupata jibu. Sasa jibu liliandikwa mbele yake kwa wino wa bluu, na aliyelileta ni msichana aliyekuja kuuvunja mtego.

Akasaini. Aliandika polepole, herufi kwa herufi. Octav alidhani ni uchungu, akampigapiga begani.

Alimchukua Obor kumpa chakula. Asije kusema hakutendewa wema, alisema. Walisimama kwenye moja ya zile meza ndefu za sokoni, kila mtu na sahani yake ya mici, nyama ya kusaga iliyoviringishwa na kubanikwa juu ya mkaa, na haradali pembeni. Octav aliagiza bia mbili, akanywa zote mbili. Furaha ilimlegeza ulimi.

Alimweleza Zamfira kwamba watu kama yeye hawakuumbiwa nyumba. Wanarudi na vijisenti vya ughaibuni, wanaona jiko linang'aa, wanalia machozi, wanasaini. Hawagongi ukuta. Hawashuki chini ya jengo kutazama nguzo. Hawamuulizi jirani wa chini kwa nini mlango wake haufungi. Kile kibao chekundu, alisema huku akitafuna, alikitoa mwenyewe, kwa bisibisi yake, Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani. Alikuwa amesimama juu ya kiti cha jikoni.

"Kiti chako hicho hicho," aliongeza. "Nilikuachia ndani ya fleti. Zawadi."

Zamfira alikuwa amesubiri miaka miwili kuisikia sentensi hiyo. Aliitafuna nyama yake taratibu mpaka ikaisha mdomoni.

"Octav," alisema, "mpigie Tarcisio."

Octav aliuliza ya nini. Zamfira akamwambia ampigie tu, ampe habari njema. Octav akatoa simu, akabonyeza, akaiweka sikioni. Akaitazama. Akabonyeza tena.

"Namba haipatikani."

"Haitapatikana. Nimewauguza wazee wengi Italia. Mama yake alikuwa mmoja wao."

Octav aliacha kutafuna.

Zamfira alimweleza bila kupandisha sauti, kama anavyoelezwa mgonjwa ratiba ya dawa. Ripoti ya mhandisi wa zamani, ile iliyotakiwa kupotea, anayo yeye. Aliipata kwa mjane wa mhandisi mwenyewe, ndani ya sanduku la viatu. Jumatatu inaingia manispaa. Kibao kitarudi ukutani. Hakuna benki itakayoligusa jengo, hakuna mnunuzi, hakuna duka litakaloruhusiwa kufunguliwa chini. Amri ya kuliimarisha itaandikwa kwa jina la mwenye nyumba, na mwenye nyumba, fleti zote sita, ghorofa zote, mpaka kwenye vigae, ni mtu mmoja.

"Na huwezi kusema hukujua," alimalizia. "Umetamka mwenyewe."

Alitegemea kelele. Alikuwa amejiandaa hata kwa kofi. Octav alichukua karatasi ya kujifutia, akafuta haradali kwenye kona ya mdomo, akaikunja ile karatasi mara nne.

"Sawa," alisema. "Basi nitalitumia kama lilivyo."

Akaondoka, amenyooka, bila kugeuka nyuma. Zamfira aliyachukua maneno yale kuwa ni ya mtu aliyeshindwa. Alimaliza sahani yake. Kisha akavuta ya Octav, akaimaliza pia.

Jumatatu aliipeleka ripoti. Ofisa aligonga muhuri, akasema tume ya ukaguzi ina foleni, itafika baada ya wiki tatu. Zamfira alisema hana haraka. Jengo ni tupu, lisubiri. Alitoka nje akaona hata njiwa wa uwanja wa manispaa wamenenepa.

Kitu kimoja tu kilimkwama kooni, na Jumanne akaenda kukitoa.

Ilinca alikuwa akiishi kwa shangazi yake, fleti ya chini, mtaa wa Drumul Taberei, kwa sababu ya ngazi. Alifungua mlango bila kuutoa mnyororo. Zamfira alizungumza na robo ya uso. Alimwambia yote: Octav ni nani, kibao kilitolewa na nani, kwa nini ilibidi atamke yale aliyoyatamka kwa wakili. Aliongea haraka, akirudia, mpaka akaishiwa.

"Kwa hiyo ulinitukana kwa faida yangu," Ilinca alisema.

"Kwa faida yetu, mwanangu."

"Yako. Mimi sikukutuma."

Zamfira alisema mtu yule aliwaharibia maisha wote wawili. Alisema mwizi lazima aonjeshwe alichowaonjesha wenzake. Ilinca alisikiliza, amekiegemeza kichwa ukutani.

"Na waliomo humo ndani?" aliuliza.

"Hamna mtu. Aliwatoa wote yeye mwenyewe."

"Jana nilipita na tramu kwenda mazoezi ya mguu. Ghorofa ya tatu kuna mapazia."

Mlango ukafungwa. Zamfira alibaki akizitazama mbao zake, na ile sentensi ya sokoni ikamrudia, neno kwa neno. Nitalitumia kama lilivyo.

Hakumbuki alivyopanda tramu. Anakumbuka alivyoshuka, na lori dogo lililoegeshwa mbele ya jengo la manjano, nyuma likiwa wazi. Juu ya ukingo wa barabara kulikuwa na godoro, masufuria yaliyofungwa kwa shuka, mti wa limau kwenye ndoo. Mwanamke mjamzito alikuwa ameketi juu ya begi, amempakata mtoto aliyelala.

Alimsalimu Zamfira kwa heshima, akamuuliza kama yeye ni jirani. Jina lake Steliana. Walikuwa wametoka Vaslui, mume wake amepata kazi ya ujenzi, na walikuwa wamekwisha kata tamaa ya kupata pa kukaa, maana wenye nyumba wakiona tumbo na watoto wanasema imeshachukuliwa. Ila huyu bwana Octav ana moyo, alisema. Alikuwa amewaweka humo tangu Jumapili, na leo wanaleta vyombo vilivyobaki. Miezi mitatu bila kodi.

Zamfira alimuuliza bila kodi kwa sababu gani.

"Mume wangu ni fundi. Bwana anataka fleti mbili za ghorofa ya tatu ziwe moja. Neculai anamtolea ule ukuta wa kati, halafu tunakaa bure."

Hapo ndipo Zamfira alipoisikia nyundo. Ilikuwa inasikika tangu alipofika, nzito, yenye pumziko katikati, ila masikio yake yalikuwa yameichukulia kama kelele za mji.

Ule ukuta wa kati. Kwenye ripoti mhandisi aliuzungushia wino mara tatu. Nguzo za jengo zilikwisha kuliwa na maji, na kilichobaki kikilibeba paa na kulishikilia jengo zima kilikuwa ukuta huo.

Alipiga simu huku vidole vikimpotea kwenye namba. Octav alipokea kwa mlio wa kwanza, kama mtu aliyekuwa ameishika mkononi.

"Umefika kwangu," alisema. "Nilidhani utawahi zaidi."

"Watakufa, Octav. Kuna mama mjamzito hapa."

"Jengo hilo siruhusiwi kulibomoa, wala siwezi kuliuza. Umehakikisha mwenyewe. Lakini likianguka lenyewe, kiwanja kinabaki, na kiwanja cha Obor ni dhahabu. Nyundo si yangu. Niliwaambia wasiguse ukuta wowote, na nina karatasi wamesaini. Ile ya maandishi madogo."

"Umetamka kwa wakili kwamba unalijua jengo."

"Na wewe ulitamka nini, dada? Halina kitu. Huyu binti ni mwongo. Wakili alisikia, karani alisikia. Ukuta ukishuka, mimi nitasema nilimwamini mwenye nyumba aliyetangulia, na wewe utawaeleza kwamba ulijua, ukauza, ukamfukuza aliyekuja kusema ukweli. Tuone gazeti litakuitaje safari hii."

Zamfira aliziona njia mbili. Angeweza kuondoka. Hakuna aliyemjua mtaani hapo tena, hati haikuwa na jina lake, na yote yakitokea, kosa litarushwa kama mpira kati ya dalali na fundi wa Vaslui. Jina lake lingebaki safi kwa mara ya kwanza tangu arudi nyumbani. Hilo ndilo alilolipigania.

Akalitazama tumbo la Steliana. Akakata simu.

"Mama, inuka hapo," alisema. "Vuka barabara. Nenda mpaka kwenye kituo cha tramu na usirudi hata ukiitwa. Mumeo ana simu?"

Steliana alisema simu ya mumewe iko ndani ya koti, na koti liko kwenye lori. Alikuwa amekwisha anza kuogopa bila kujua anaogopa nini. Akauliza wewe ni nani.

"Mimi ndiye niliyeiuza hii nyumba," Zamfira alisema. "Ilikuwa yangu. Najua. Huko juu yuko peke yake?"

"Yuko na Anisia. Mkubwa wetu. Ana miaka sita, anamsaidia kuokota matofali."

Zamfira alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na nne mwenye mgongo ulioharibiwa na vitanda vya wazee. Alizipanda ngazi zile kama aliyefukuzwa. Alipita ghorofa ya kwanza akilitaja jina la Neculai kwa sauti yote aliyokuwa nayo, na nyundo ikamjibu. Vumbi lilikuwa linateremka katikati ya ngazi, jembamba, jeupe. Alipofika ghorofa ya pili alimwita tena.

Nyundo ikanyamaza.

Alidhani amesikiwa. Akashika ubao wa pembeni mwa ngazi apate pumzi, na ubao ukasogea chini ya kiganja chake, polepole, kama mnyama anayegeuka usingizini.

Halafu, kutoka nyuma ya mlango uliokuwa wake, ikaja sauti ya mtoto, isiyo na hofu hata kidogo.

"Baba, mbona dari inashuka?"